Sahani ya Wawili

Wiki iliyopita mtu mmoja alirusha picha ya zamani kwenye kundi letu la simu, la sisi tuliokwenda kambi ya vijana ya kanisa kule Mbozi tukiwa wasichana na wavulana. Picha imefifia, kona moja imeliwa na jua. Tumesimama mistari mitatu mbele ya vichanja vya kuanikia kahawa, wengine wamevaa masweta ya kufumwa, wengine wamejifunga mashuka kwa baridi. Mimi ni wa tatu kutoka kushoto, mstari wa kati. Mkono wangu wa kushoto bado mzima. Nimeuweka begani kwa mwenzangu.

Watu wakaanza kuandika. Enzi za raha. Tulikuwa watakatifu jamani. Nani anakumbuka uji wa mama wa jikoni? Na yule aliyekuwa mwalimu wetu wa kwaya, ambaye sasa ni mzee na kila alfajiri hututumia mstari wa Biblia, naye akaandika. Alisema anamshukuru Mungu kwa kila kijana aliyepita mikononi mwake.

Mimi nimepita mikononi mwake. Ndiyo maana nimekaa naandika. Elimu yangu ni darasa la tano, kwa hiyo atakayeona nimekosea mwandiko anisamehe, asome maana. Majina sitaandika, kwa sababu majina yana watoto na wajukuu ambao hawakufanya kitu. Lakini kazi ya kila mtu nitaitaja na alichofanya nitakitaja. Waliokuwepo watajuana.

Nina kifafa. Kilinianza nikiwa na miaka kumi na miwili, nyumbani Tunduma, napepeta karanga na mama uani. Nilizinduka mdomoni nina udongo na majirani wamesimama mbali, karibu na ukuta. Shuleni nilianguka mara mbili, wakasema nikae nyumbani mpaka nipone. Sijarudi mpaka leo.

Kwetu watu waliamini, na wengi wanaamini hadi sasa, kwamba kifafa kinaambukiza kwa povu na mate. Ukila kwenye chombo kimoja na mwenye kifafa, umejichukulia. Hakuna aliyenipiga nyumbani, wala kunitukana. Mama alininunulia tu bakuli la plastiki la kijani, akalitengea mahali pake chini ya meza. Ndugu zangu walikula kwenye sinia moja katikati ya chumba, wakigombea mchuzi na kusukumana viwiko. Mimi nilikaa karibu na mlango na bakuli langu. Chakula kilikuwa kilekile, tena mimi nilipakuliwa kwanza. Mtu ambaye hajala hivyo mwaka mzima anaweza kuona nalalamikia kitu kidogo.

Kwenye zahanati muuguzi alinipa vidonge vyeupe, viwili kila jioni, nisiache hata siku moja. Nikaacha kuanguka. Miezi ikapita, mwaka ukapita, sikuanguka. Bakuli halikuondoka.

Ndipo kanisani wakatangaza kambi. Ilikuwa mwezi wa sita, shule zimefungwa, mahindi yamevunwa, na Mbozi kahawa inaiva. Kambi ilikaa wiki moja kwenye madarasa ya shule iliyokuwa ya misheni, juu ya kilima, na kanisa lilikuwa na shamba lake la kahawa hapo chini. Asubuhi vijana walichuma kahawa ya kanisa, mchana walisoma Neno, jioni waliimba. Mama aliniruhusu kwa sababu moja, akaisema wazi.

"Kule hawatujui."

Vidonge akavitia kwenye kikopo kidogo cheusi cha filamu ya kamera, akakifunga kwenye pindo la kanga yangu.

"Wakikuuliza?"

"Nitasema vya kichwa."

"Vya kichwa. Na usimeze mbele za watu."

Tulitoka Tunduma kwa gari la wazi, watoto wa usharika wetu na mizigo yetu ya unga na maharage, mpaka Vwawa. Kutoka hapo tulitembea. Sisi wa mpakani tulikuwa na sifa yetu kule. Wenzetu wa Mbozi walituita Wazambia, wakatuomba biskuti, wakatuiga tunavyosema "iwe" tukimwita mtu. Sisi tuliwaita watoto wa maganda, kwa ile harufu ya maganda ya kahawa iliyowakaa mikononi.

Siku ya kufika, mama wa jikoni alisimama mlangoni na rundo la sahani za bati. Alikuwa mwanamke mnene, mjane, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Desturi ya kambi ile ilikuwa sahani moja watu wawili. Nadhani ilianza kwa sababu sahani zilikuwa chache, baadaye wakaifanya fundisho. Unapangiwa mtu kutoka usharika mwingine, mnapewa sahani moja, na kwa wiki nzima mnakula humo nyinyi wawili kwa mikono yenu. Huyo ndiye mwenza wako. Mnachuma kahawa kwenye mstari mmoja na kulala kwenye tandiko moja la majani. Akichelewa sala unaulizwa wewe, na akiugua wewe ndiye wa kwenda kusema.

"Wewe wa mpakani, na wewe wa Itaka," mama wa jikoni akasema, akatupa sahani. "Atakayenirudishia chafu atailamba."

Yule wa Itaka alikuwa na miaka kumi na minne kama mimi. Mrefu, meno ya mbele yamepishana, anacheka hata kabla neno la kuchekesha halijafika. Kwao walikuwa na kahawa na ng'ombe wawili. Tukakaa chini ya ukuta wa darasa, sahani katikati, ugali na maharage. Akasali haraka haraka, akanawa, akakata tonge.

Mimi sikugusa. Nilikuwa natazama mkono wake ukiingia kwenye sahani.

"Kula basi," akasema. "Au Wazambia hamli maharage?"

Nikala. Kidole chake kiligonga changu kwenye mchuzi, akanisukuma, nikamsukuma. Basi ni hilo tu. Watu wengine walipata wokovu pale kambini, wengine walipata wachumba. Mimi nilichokwenda kutafuta, na nilichorudi kukitafuta kila mwaka, ni mtu wa kula naye sahani moja. Sikuwa na haja nyingine na sikuomba kingine.

Jioni nilikwenda nyuma ya vyoo nikameza vidonge vyangu bila maji.

Mwaka wa pili tuliomba tupangwe pamoja tena, mama wa jikoni akakubali. Mwaka huo ndio mwenzangu aliponiona. Nilikuwa nimeinama nyuma ya vyoo, nimekunjua kanga, nikasikia mtu anacheka.

"Iwe, unakula pipi peke yako?"

Nikasema vya kichwa. Akachukua kikopo, akakinusa, akatikisa. Sijui kwa nini nilimwambia kweli. Labda kwa sababu alikuwa ameshakula na mimi siku kumi, na kama povu lingekuwa la kumdhuru lingekuwa limeshamdhuru. Nikamwambia vya kuanguka. Nikamwambia sijaanguka miaka miwili.

Akanirudishia kikopo.

"Bibi yangu anakula vya moyo, vya miguu na vya macho," akasema. "Wewe viwili tu unajificha?"

Usiku huo sikulala, nilingoja asubuhi nione atafanya nini. Asubuhi uji ulikuja kwenye kikombe kimoja, akanywa, akanipa upande uleule aliotoka kunywea. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimeolewa na kuachwa, nimezika mama. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko kile kikombe. Naandika hili kabla ya mengine ili isije ikasemwa kwamba sikulitaja.

Mwaka wa tatu mwalimu wa kwaya alipewa uongozi wa kambi. Alikuwa kijana bado, mwenye sauti nzuri kweli, suruali ya kitambaa imepigwa pasi hata shambani. Alikuwa ametoka kwenye semina mahali, akarudi na mambo mapya. Jambo lake kubwa lilikuwa kumsemea mwenza. Alisema mtu hawezi kuutaja mzigo wake mwenyewe, anaona aibu, kwa hiyo mwenza wako ndiye atasimama mbele ya wote auseme. Kisha wewe unaushusha, na watu wote wanakuombea.

Tulifanyia kule panapokobolewa kahawa, siku ya Jumatano, tumetoka kuchuma. Mashine ya kukobolea ilizungushwa kwa mkono, maganda mekundu yakatoka upande mmoja na kuanguka shimoni, kahawa upande mwingine. Vijana wakakaa kwenye nyasi. Wakaanza kusemeana. Huyu ana kaseti za muziki wa dunia. Huyu aliiba andazi la kambi. Huyu ana barua ya mvulana, na mvulana mwenyewe amekaa pale, watu wakacheka mpaka mwalimu akapiga makofi. Ilikuwa kama mchezo. Nilicheka na mimi.

Mwenzangu akasimama.

Nilimvuta gauni. Nadhani alifikiri namtia moyo.

"Mwenza wangu ana mzigo wa vidonge," akasema.

"Vidonge vya nini?" mwalimu akauliza.

"Vya kumzuia asianguke. Mwalimu, namwombea apone kabisa, aache kujificha."

Alisema kwa nia njema. Nimelipima neno hilo miaka yote, na bado naliandika hivyo hivyo: alisema kwa nia njema. Alimwamini mwalimu. Sote tulimwamini.

Kicheko kikakatika. Msichana aliyekuwa amekaa kushoto kwangu akajisogeza, akajifanya anatafuta kitu kwenye nyasi, akakaa mbali. Mwalimu akaniita mbele.

"Binti, unamtegemea nani?"

"Mungu."

"Na hivi vidonge?"

"Mama alisema nisiache."

"Mama yako yupo hapa?"

Watu wakacheka tena, na mimi nikaona kicheko kile kimerudi upande wangu, kizuri kuliko kile kimya. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nikafikiri: nikivitoa, mbele ya wote hawa, nikasemwa nimepona, hakuna mtu atakayekuwa na sababu ya kusogea. Nikafungua pindo la kanga. Sikulazimishwa kwa fimbo. Nilimpa kikopo kwa mkono wangu, na hilo nalo liandikwe.

Akavimwaga kwenye shimo la maganda. Vikaonekana vyeupe juu ya maganda mekundu. Ningeweza kushuka nikaviokota, na jioni nilikwenda mpaka ukingoni. Lakini vijana wa zamu walikuwa wanakobolea fungu la mwisho, wakanipungia mkono, "Haleluya, dada!", nikawapungia na mimi. Maganda mapya yakavifunika.

Alhamisi sikuanguka. Ijumaa sikuanguka, mwalimu akanisimamisha kanisani niseme nimepona, nikasema. Mwenzangu alilia kwa furaha. Siku hizo mbili tulikula kwenye sahani yetu katikati ya uwanja, wala sikujificha tena nyuma ya vyoo. Zilikuwa siku mbili nzuri. Muuguzi alinieleza baadaye kwamba dawa ile ukiikata ghafla, ugonjwa unarudi na hasira. Ndivyo alivyosema, na hasira.

Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu yetu jikoni. Kinachofuata sikukiona mimi. Nilikisikia kutoka kwa mama wa jikoni, ambaye alihojiana na watu mmoja mmoja mpaka akakipata chote.

Yeye alikuwa ameshuka kisimani. Mimi nilikuwa nakoroga uji kwenye sufuria kubwa juu ya mafiga. Nikaanguka, mkono wa kushoto ukaingia motoni chini ya sufuria, uji ukanimwagikia shingoni. Mwenzangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ameshika sahani yetu. Vijana walijaa. Mwalimu wa kwaya akatoka darasani mbio, akanyoosha mikono.

"Msimguse! Ni pepo linatoka. Atakayemgusa litamwingia!"

Na hawakunigusa. Wakaanza kuimba. Kwaya nzima, kwa sauti zote nne, kama alivyowafundisha.

Aliyenitoa motoni alikuwa dereva wa lori, Mwislamu, mtu wa Kondoa aliyefanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja pale Tunduma. Tajiri wake alikuwa amelisaidia kanisa kuleta kuni. Dereva alikuwa juu ya lori anashusha magogo. Akaruka, akapita katikati ya waimbaji, akasema Bismillahi, akanivuta kwa miguu.

"Nyie ni watu gani nyie?" akawauliza. "Mtoto anaungua mnamwimbia?"

Mwalimu akamwambia, "Ndugu, hili si la dini yako."

"Kuungua ni kwa dini gani?"

Akanipakia kwenye lori lake, na mama wa jikoni, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafika na ndoo kichwani, akaitupa ndoo akapanda. Wakanipeleka hospitali Vwawa. Nilizinduka mama wa jikoni anaimba kwa mdomo uliofungwa, kama mtu anayebembeleza mtoto mgongoni. Vidole vitatu vya mkono wangu vilishikana na havikuachana. Shingo ilipona na makunyanzi. Dereva alikuja mara mbili na machungwa. Mara ya tatu niliambiwa amehamishiwa safari za Lusaka, sikumwona tena.

Mwalimu wa kwaya alikuja na mchungaji. Alisimama upande wa miguuni mwa kitanda, akaomba kwa kirefu. Halafu akamwambia mama yangu, mbele yangu:

"Mama, tusifichane. Mtoto alikuwa na shaka moyoni. Angeamini kwa kweli isingetokea."

Nilimtazama mama. Nilikuwa nimelala nimefungwa bendeji mpaka sikioni, namngoja aseme. Mama yangu, aliyeweza kugombana na kuli na askari wa mpakani siku nzima bila kukohoa, aliinamisha kichwa.

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

Mchungaji akaandika kwenye taarifa ya kambi kwamba binti mmoja aliteleza jikoni. Basi hao ni watatu: mwalimu wa kwaya aliyemwaga dawa na kuzuia watu, mchungaji aliyeandika uongo, na mama yangu aliyesema ndiyo. Mama nimemsamehe kwa sababu amekufa na kwa sababu alinilea. Hao wawili hawajaniomba.

Mwenzangu hakuja hospitali. Itaka na Vwawa si mbali hivyo. Nilikaa wiki sita, na kila mlango ulipofunguliwa niligeuza upande wa shingo uliokuwa unageuka.

Watu huniuliza kwa nini nilirudi mwaka uliofuata. Dada yangu aliniuliza, "Una kichaa juu ya kifafa?" Mama alikataa, nikaondoka bila ruhusa na unga wa kuazima. Vidonge nilivifunga kifuani, ndani ya nguo, na nilikuwa tayari kumng'ata atakayevigusa. Sikurudi kwa ajili ya kambi. Nilirudi kwa sababu nyumbani lile bakuli la kijani lilikuwepo, na kule Mbozi alikuwepo mtu mmoja duniani aliyewahi kujua na bado akala na mimi. Nilitaka kujua kama bado.

Mama wa jikoni aliponiona mlangoni aliweka sahani zote chini. Akanishika kidevu, akanigeuza shingo kulia na kushoto kama anakagua kuku sokoni.

"Umepona vibaya lakini umepona," akasema. Kisha akashusha sauti, na kwake kushusha sauti ilikuwa bado watu wa mstari wote wanasikia. "Mwanangu, wameniambia nikupe sahani ya peke yako. Ni amri ya mwalimu. Anasema ni usafi."

"Usafi," akasema tena, akatema mate pembeni. "Mimi ndiye ninayeosha vyombo hapa, si yeye." Akachukua sahani ya wawili, akageuka uwanjani akaita kwa ile sauti yake ya ng'ombe. "Wewe wa Itaka! Njoo, mwenza wako kafika!"

Mwenzangu alikuwa amekaa na wengine. Akasimama. Alikuwa amerefuka zaidi, meno yale yale. Akaja, wala hakusita, hilo namsifu. Akanisalimia, akasema "pole na yaliyokupata", kama tunavyowaambia watu waliofiwa, akapokea sahani. Tukaenda kukaa chini ya ukuta wetu. Ugali na maharage. Nikanawa mkono wa kulia. Yeye hakunawa. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kijiko.

Kilikuwa kijiko cha chai, kimefungwa kwenye kitambaa safi.

"Siku hizi unakula na kijiko?" nikamwuliza.

"Mama kasema."

"Kasemaje?"

Akatazama chini. "Kasema nisikukatae. Kasema ni dhambi kumkataa mtu. Ila nile na kijiko."

Akasali, sala nzuri, akanitaja ndani yake. Kisha akala. Alichota upande wake, kidogo kidogo, na mimi nikakata tonge upande wangu. Ugali hauliwi kwa kijiko cha chai. Ulimwanguka, akaufukuza pembezoni mwa sahani, maharage yakakimbia. Tulipomaliza palibaki ukuta mwembamba wa ugali katikati, ambao si yeye wala mimi aliyeugusa. Mama wa jikoni alipopokea sahani aliutazama ule ukuta, akanitazama mimi, akamtupia mbwa.

Nilikaa wiki nzima. Kwa nini sikuondoka siku ile ile? Nimejiuliza hata mimi. Nafikiri nilihesabu hivi: upande wa pili wa kijiko kuna mtu. Nyumbani upande wa pili wa bakuli kulikuwa na mlango. Tulichuma kahawa mstari mmoja kama zamani, alinisimulia habari za mvulana wa kwao aliyemtaka, alinisaidia kufunga kapu kiunoni kwa kuwa vidole vyangu havikufunga tena. Mkono ule uliokufa aliushika bila woga. Mate tu ndiyo aliyoogopa. Kuhusu ile Jumamosi hakusema neno, na mimi sikumwuliza alisimamaje pale na sahani mkononi. Niliona nikimwuliza atapata sababu ya kuondoka.

Mwalimu wa kwaya alinikwepa. Tulipokutana njia moja alianza kuimba.

Siku ya mwisho, mchana, tukapewa chakula cha kuagana, ugali na nyama ya ng'ombe, nyama ya kwanza wiki nzima. Tukakaa. Mwenzangu akaingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu. Akajipapasa mfuko wa pili. Akafungua kitambaa, akakikung'uta. Wavulana waliokaa mbele yetu walikuwa wanaangalia juu angani, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Wamekificha, ilionekana wazi.

"Nipeni," akawaambia.

"Tukupe nini, sista?"

"Kijiko changu."

"Mzungu amepoteza kijiko!" mmoja akapiga kelele. "Kula na mkono, utakufa?"

Uwanja wote ukageuka. Mimi nilikuwa nimeshanawa. Mkono wangu uliolowa uko juu ya sahani, unachuruzika, namngoja. Nyama inatoa moshi. Nilijua kwamba hapo ndipo jibu langu lilipo, lile nililolifuata kutoka Tunduma bila ruhusa. Hakuwa na mama yake pale. Hakuwa na mwalimu pale. Ndoo ya maji ya kunawa ilikuwa karibu na goti lake.

Akaitazama ndoo. Akanitazama.

"Nisubiri," akasema, akasimama.

Nilimwona akienda darasa hadi darasa. Hakuna aliyekuwa na kijiko. Nani alikwenda kambi na kijiko? Akaenda meza ya wakubwa, akarudi mikono mitupu. Wavulana wakaanza kula, wakamaliza. Mafuta ya nyama yakaganda meupe kwenye ukingo wa sahani. Sikula. Nilikuwa na njaa ya kuchuma kahawa tangu alfajiri, lakini niliona nikianza peke yangu nitakuwa nimejijibu mwenyewe, na nilitaka anijibu yeye.

Akatokea jikoni. Alikuwa ameshika mwiko. Ule mkubwa, wa kusongea ugali wa kambi nzima, mrefu kama jembe. Akaketi, akauweka magotini, akautazama, akanitazama. Halafu akaanza kucheka, kile kicheko chake kinachotangulia neno, na mimi nikacheka, tukacheka mpaka machozi yakatutoka na wavulana nao wakaacha kucheka, wakawa wanatushangaa.

Tulipotulia alijifuta macho kwa kiganja. Akaushika mwiko kwa mikono miwili, akauingiza kwenye sahani upande wake, akaanza kula.